Gari langu la turbo litamaliza robo maili kwa sekunde ngapi?

Msomaji mmoja ameuliza hivi: gari lake lina injini ya lita 2 yenye turbo, linasukumwa na magurudumu ya mbele, na lina gia sita za mkono. Ameweka turbo kubwa kuliko ya kiwandani, intakula mpya (kipozea hewa inayoingia kwenye injini) na ekzosi pana, na kompyuta ya injini imeprogramiwa upya. Dainamomita, mashine ya kupima nguvu ya gari, ilisoma nguvu ya farasi 320 kwenye magurudumu. Gari lina uzito wa kilo 1,400 na tairi ni za kawaida za barabarani. Kikokotoo cha kwenye intaneti kimempa sekunde 11.75 kwa robo maili (mita 402), naye anataka kujua kama aiamini namba hiyo kabla hajaenda kwenye njia ya mbio.

Ndugu msomaji, usiiamini. Kwa maelezo uliyotoa, ninakadiria kwamba siku ya kwanza gari lako litamaliza kwa sekunde 13.2 hivi, na sitashangaa likimaliza kwa 12.8 au 13.7. Kasi yake kwenye mstari wa mwisho itakuwa karibu kilomita 179 kwa saa. Tofauti ya sekunde moja na nusu kati ya kikokotoo na mimi ni kubwa mno, kwa hiyo nitaeleza inakotoka, kwa sababu ukiielewa utaweza kujikadiria mwenyewe kila utakapobadilisha kitu.

Kikokotoo chako kilichukua farasi 320, kikagawanya kwa 0.85 ili kupata nguvu kwenye flaiwili, yaani pale inapotokea injini kabla sehemu yake haijapotelea njiani kwenda kwenye magurudumu, na hapo kikapata farasi 376. Kisha kikatumia kanuni inayojulikana sana: gawanya uzito wa gari kwa kilo kwa idadi ya farasi, tafuta kipeuo cha tatu cha jibu, halafu zidisha kwa 7.58. Wamarekani, wanaopima uzito kwa pauni, huiandika kanuni hiyohiyo kwa 5.825. Kanuni ya kasi ni ndugu yake: gawanya farasi kwa kilo, tafuta kipeuo cha tatu, zidisha kwa 289, na jibu ni kilomita kwa saa. Kipeuo cha tatu hakikuchaguliwa kwa kubahatisha. Ukichukulia kwamba injini inatoa nguvu isiyobadilika tangu mwanzo hadi mwisho, fizikia yenyewe inaleta uhusiano huo, kwa sababu kadiri gari linavyokwenda kasi ndivyo nguvu ileile inavyozaa mchapuko (ongezeko la kasi kwa kila sekunde) mdogo zaidi.

Fizikia hiyo tupu, isiyo na upepo wala msuguano wala kubadilisha gia, ingekupa 6.25 mahali pa 7.58. Tofauti ya namba hizo mbili, ukiipandisha kwenye kipeo cha tatu, inaonyesha kwamba kanuni inayotumika inachukulia kuwa asilimia 56 tu ya nguvu kuu ya injini ndiyo inayolisukuma gari mbele kwa wastani. Zinazobaki zimeliwa na giaboksi, upepo, uzito wa magurudumu yanayozungushwa, muda wa kubadilisha gia, na mizunguko ambayo injini haiko kwenye kilele chake. Kwa hiyo kanuni hii tayari imekata hasara za kawaida, na anayeikatia tena hasara hizo anazihesabu mara mbili. Kisichokatwa humo ni hasara zisizo za kawaida, na kanuni inachukulia gari linaloondoka vizuri. Gari lako, kwa tairi ulizonazo, haliwezi kuondoka vizuri hivyo.

Nianze na mambo madogo. Uzito unaotakiwa ni wa gari linavyosimama kwenye mstari, dereva akiwa ndani na mafuta yakiwa kwenye tangi. Ukijiongeza wewe kwa kilo 80, gari ni kilo 1,480, na kanuni inatoa sekunde 11.97 na kilomita 183 kwa saa. Hapo umeshapoteza zaidi ya sehemu mbili za kumi za sekunde bila kugusa injini. Uzito wa kwenye kitabu cha gari nao mara nyingi ni wa toleo jepesi kuliko lako, hivyo nakusihi upime gari kwenye mizani halisi.

Dainamomita inastahili uangalifu zaidi. Karatasi uliyopewa ina alama inayoonyesha namna ya kusahihisha hali ya hewa. Ikiwa imeandikwa SAE, namba imeletwa kwenye hewa kavu ya nyuzi 25 na kanieneo ya kilopaskali 99. Ikiwa imeandikwa STD, imeletwa kwenye hewa baridi na nzito zaidi, nayo husoma juu kwa takriban asilimia 4. Farasi 320 za STD ni kama 308 za SAE. Kwa injini za turbo liko tatizo jingine. Masahihisho haya yalitungwa kwa injini zinazovuta hewa zenyewe, ambazo hupoteza nguvu kwa kadiri hewa inavyokuwa nyepesi. Turbo inayodhibitiwa na kompyuta hujitahidi kufikia presha iliyopangiwa, kwa hiyo mahali penye mwinuko wa mita 1,500, ambapo kanieneo ni karibu kilopaskali 85, injini yako haipotezi kiasi kile ambacho kompyuta ya dainamomita inakirudisha. Matokeo yake ni farasi za kwenye karatasi ambazo hazimo kwenye gari. Ukipima mahali pa juu, omba pia namba isiyosahihishwa.

Hata hivyo usikeshe ukibishana juu ya farasi chache. Kipeuo cha tatu kinapunguza makali ya kila kosa: ukikosea nguvu kwa asilimia 10, muda unabadilika kwa asilimia 3 na ushee, yaani karibu sehemu nne za kumi za sekunde. Farasi 10 kwako ni sehemu moja ya kumi tu. Wengi hutumia fedha nyingi kutafuta farasi hizo 10 huku kwenye mita ishirini za kwanza wakiacha mara tano ya muda huo.

Jambo la maana zaidi kuliko kilele ni umbo la mchoro wa nguvu. Injini yako, ikibadilishiwa gia kwenye mizunguko 7,000, huangukia karibu 5,000, na kuanzia gia ya pili hadi mwisho inaishi kati ya namba hizo mbili. Chukua karatasi usome nguvu katika kila mizunguko 500. Tuseme unapata 285, 305, 320, 318 na 302. Wastani ni 306. Sasa tuseme fundi anakushawishi uweke turbo kubwa zaidi inayosoma 215, 265, 315, 345 na 350. Kilele kimeongezeka kwa farasi 30, lakini wastani ni 298, na gari limekuwa zito zaidi kuamka kila baada ya gia. Kikokotoo kitakuambia gari limekuwa jepesi wa mbio. Saa ya uwanjani itasema kinyume. Wastani huu utumie kulinganisha turbo na turbo tu, usiuweke kwenye kanuni ya 7.58, kwa sababu kanuni hiyo ilitengenezwa kwa nguvu ya kilele.

Sasa tuje kwenye kuondoka, ambako ndiko sekunde yako ilikopotelea.

Mita za kwanza haziamuliwi na injini. Zinaamuliwa na mshiko wa tairi, na mshiko unategemea uzito uliolalia magurudumu yanayosukuma. Gari la kusukumwa mbele likiwa limesimama huwa na kama asilimia 61 ya uzito wake mbele. Linapochapuka, uzito hurudi nyuma, na kiasi kinachohama hutegemea urefu wa kitovu cha uzito kutoka ardhini ukilinganishwa na umbali kati ya mihimili ya mbele na nyuma. Kwa kitovu kilicho sentimita 52 juu ya ardhi na mihimili iliyoachana kwa sentimita 263, tairi inayoweza kusukuma kwa nguvu iliyo sawa na uzito ulioilalia inabaki na asilimia 51 tu ya uzito wa gari. Maana yake mchapuko wako wa juu kabisa ni nusu ya mchapuko wa kitu kinachoanguka, hata uwe na farasi 300 au 600. Gari la kusukumwa nyuma lenye asilimia 47 ya uzito nyuma hupandishwa na uhamaji huohuo hadi asilimia 59 hivi. La magurudumu manne hutumia uzito wote.

Namba hizi zinageuka kuwa sekunde kwa urahisi. Kipimo cha kwanza kwenye karatasi ya muda ni futi 60, sawa na mita 18.3. Saa haianzi gari linapotikisika. Inaanza gurudumu la mbele linapoacha mwali wa mwanga, na kwa ukubwa wa tairi gari huwa limeshatembea kama sentimita 30. Ukifanya hesabu kwa masharti hayo, gari la kusukumwa mbele linapata futi 60 kwa sekunde 2.38, la nyuma kwa 2.22, na la magurudumu manne kwa 1.70. Namba hizo zinafanana sana na zile zinazoonekana uwanjani kwa tairi za barabarani, na ndiyo sababu ninaipenda hesabu hii: ni fupi na haidanganyi. Ukiweka tairi laini za mashindano zenye mshiko unaozidi kwa asilimia 30, gari lako linashuka hadi 2.14 hivi.

Kuchelewa kwenye futi 60 kunakugharimu zaidi ya muda wenyewe, kwa sababu gari linalofika hapo likiwa limechelewa kwa kawaida hufika pia likiwa na kasi ndogo, na upungufu huo wa kasi unalifuata njia nzima. Mazoea ya wanamichezo wa mbio hizi ni kwamba sehemu moja ya kumi iliyopotea hapo inakuwa sehemu moja na nusu hadi mbili za kumi mwishoni. Hesabu niliyoifanya pia ni ya dereva asiyekosea. Ukifungua mafuta mengi na tairi zikazunguka bure, mshiko unapungua, na turbo ikipanda ghafla katikati ya gia ya kwanza inazidisha mzunguko huo. Kwa gari la aina yako ni heri kuomba fundi apunguze presha ya turbo katika gia ya kwanza na ya pili. Farasi unazozikata hapo zilikuwa zinaishia kwenye moshi wa mpira.

Kubadilisha gia kuna hesabu yake nzuri ambayo watu wachache huifanya. Wakati klachi imekanyagwa gari linaendelea kutembea bila kuongeza kasi. Hasara kwenye muda wa mwisho ni muda wa kubadilisha uliozidishwa kwa moja kutoa kasi ya wakati huo iliyogawanywa kwa kasi ya mwisho. Tuseme unatumia sehemu nne za kumi kila mara, na unabadilisha kwenye kilomita 58, 95 na 138 kwa saa, ukimaliza na 178. Badiliko la kwanza linakugharimu sekunde 0.27, la pili 0.19, la tatu 0.09. Jumla ni sekunde 0.55. Ukijifunza kubadilisha kwa robo ya sekunde, jumla inakuwa 0.34, na umeokoa sehemu mbili za kumi bila kununua chochote. Zingatia kwamba badiliko la kwanza ni ghali mara tatu kuliko la tatu. Katika turbo ongeza muda wa presha kurudi, ambao kwa turbo kubwa huonekana waziwazi kwenye mchoro wa kumbukumbu za kompyuta.

Joto nitalitaja kwa ufupi. Gari likisimama kwenye foleni huku injini ikiunguruma, intakula hujaa joto, hewa inayoingia inakuwa moto, na kompyuta inachelewesha cheche ili injini isigonge. Farasi 320 zilipatikana mbele ya feni kubwa. Kwenye foleni hazipo zote. Zima injini unaposubiri. Kwa sababu hii, na kwa sababu sijui kama karatasi yako ni ya SAE au STD, nimeshusha kasi kutoka 183 hadi 179.

Njia ninayokushauri uitumie mahali pa kikokotoo inaanza na kasi, si muda. Kasi ya mwisho hutegemea zaidi nguvu na uzito, na huathirika kidogo tu na uondokaji mbaya: gari lililobaki likizungusha tairi mahali pamoja kwa nusu sekunde baada ya saa kuanza litafika mwisho na kasi ileile, ila limechelewa nusu sekunde. Kwa hiyo kadiria kasi kwa kanuni ya 289, ukitumia namba ya dainamomita unayoiamini. Kisha tafuta muda kwa kugawanya namba moja kwa kasi hiyo. Kwa gari la nguvu isiyobadilika, muda kwa sekunde ukizidishwa kwa kasi ya mwisho hutoa mara moja na nusu ya umbali, ambayo kwa kilomita kwa saa ni 2,173, na kanuni mbili za juu hutoa 2,190. Magari ya magurudumu manne yanayoondoka vizuri hukaa karibu na 2,200. Ya kusukumwa nyuma yenye tairi nzuri hukaa karibu na 2,280. Ya kusukumwa mbele yaliyoongezwa nguvu hukaa karibu na 2,370, na yakiwa na dereva mgeni yanafika 2,420. Gawanya 2,370 kwa 179 utapata 13.24. Ukiweka tairi za mashindano na ukajifunza kuondoka, namba inaweza kushuka hadi 2,260, na gari hilohilo lenye injini hiyohiyo litamaliza kwa 12.6. Sekunde 11.75 zako zinahitaji ama mfumo wa magurudumu manne pamoja na farasi zaidi, ama tairi za mashindano pamoja na farasi nyingi zaidi.

Ukirudi na karatasi ya kwanza ya muda, weka kando ubashiri wangu na wa kikokotoo, utumie karatasi hiyo. Chukua kasi ya mwisho, gawanya kwa 289, pandisha jibu kwenye kipeo cha tatu, zidisha kwa kilo 1,480. Ikiwa ulivuka kwa kilomita 179, injini inafanya kazi kama farasi 352 kwenye flaiwili. Ikiwa namba iko mbali sana chini ya 376, chunguza joto, mafuta, klachi inayoteleza, au dainamomita iliyokusifu kupita kiasi. Kisha zidisha muda kwa kasi. Ukipata 2,400 na zaidi huku kasi ikiwa nzuri, injini haina kosa, na fedha yako ijayo iende kwenye tairi na mazoezi. Ukipata 2,280 lakini kasi ni kilomita 168, uliondoka vizuri na farasi ndizo zilizokosekana. Kumbuka pia kwamba kasi inayoandikwa kwenye karatasi ni wastani wa futi 66 za mwisho, yaani mita 20, kwa hiyo usiondoe mguu kabla ya kuvuka mstari.

Ikiwa unapima kwa kifaa cha setilaiti na si kwa saa ya uwanjani, angalia kama kimewekwa kuondoa zile sentimita 30 za mwanzo. Kisipoziondoa, gari lako litaonekana kuchelewa kwa theluthi moja ya sekunde au zaidi kidogo, na kulinganisha na karatasi ya mtu mwingine hakutakuwa halali. Pima mahali palipofungwa na pasipo mteremko. Nenda na kofia ngumu pia, kwa sababu kanuni za NHRA, chama cha mbio hizi cha Marekani, ambazo njia nyingi za mbio huzifuata, huidai kwa gari linalomaliza kwa sekunde 13.99 au haraka zaidi, na gari lako limeshaingia humo.

Katika safari ya kwanza fanya mbio za kutosha bila kubadilisha chochote isipokuwa upepo wa tairi za mbele na mizunguko ya kuondokea, na uandike futi 60 za kila mbio pembeni ya namba hizo mbili. Zikishuka kutoka 2.4 hadi 2.25, utauona muda wa mwisho ukishuka kwa robo ya sekunde hivi huku kasi ikibaki karibu palepale.